Ndiyo, Ni Sawa

Mimi si mtu wa subira. Nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia bure.

Nafanya kazi Kitale, katika kampuni ya kuuza mbegu, mbolea na dawa za shamba. Tuna mawakala arobaini na kitu wenye maduka madogo, kuanzia miteremko ya Mlima Elgon mpaka Bumula na Myanga, upande wa Bungoma. Wakala akikwama huuliza ofisini kwa WhatsApp, na ofisini ni mimi. Kwa miaka mitatu nilijibu maswali yale yale. Mbegu imefika? Lori liko wapi? Dawa hii inachanganywa na maji kiasi gani? Vidonge vya mahindi vinawekwa kabla gunia halijafungwa ama baada? Ukimjibu mmoja saa mbili asubuhi, saa mbili na dakika tano mwingine anauliza hilo hilo, na jibu liko pale juu kwenye grupu, halijapoa. Siku moja nilimwambia wakala wa Bumula apandishe kidole kidogo kwenye kioo cha simu asome. Akaniandikia, "Madam, si wewe ndio unalipwa kujibu?" Nilitupa simu kwenye droo nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa saba meneja wetu, Madam Jepkosgei, akaniletea dawa ya ugonjwa wangu. Ulikuwa mfumo unaojibu wenyewe. Unaandika jibu mara moja, unalichagulia maneno, na mtu yeyote akiuliza swali lenye maneno hayo, jibu linamfikia kabla hajaweka simu chini. Chini ya kila jibu linakaa jina langu, Nabwile, kwa sababu Jepkosgei alisema watu wa huku hawaamini jibu lisilo na mwenyewe. Niliketi wiki nzima nikaandika majibu thelathini na moja. Sijawahi kuifurahia kazi kiasi hicho.

Na mfumo ulifanya kazi, tusiseme uongo. Nilianza kunywa chai ikiwa bado moto. Mawakala wakanisifu kwamba siku hizi najibu haraka. Mmoja aliuliza lori la mbolea, akajibiwa, akashukuru, akauliza mama yangu anaendeleaje na ule mguu, akaambiwa lori litafika Alhamisi. Akaandika, "Amina." Nilicheka mpaka Kiplagat, dereva wetu, akaja mlangoni kuuliza kama kuna habari njema.

Sasa nifike kwenye jibu la vidonge. Vidonge hivi huwekwa ndani ya gunia la mahindi ili kuua dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje. Vikikutana na unyevu vinatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo haichagui. Inaua mdudu, inaua panya, inaua mtu aliyelala karibu. Jibu nililoandika mwanzo lilikuwa na mistari sita, na mstari wa tano ulisema kwamba magunia yenye vidonge yasikae kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Mawakala wakalalamika. Walisema majibu yangu ni marefu kama mahubiri ya Pasaka, na mteja amesimama kaunta, na wao wanataka tu kujua kama ni sawa ama si sawa. Tisa kati ya kumi walikuwa wakiuliza jambo moja, kama ni sawa kuweka vidonge kabla ya kufunga gunia. Basi nikakata. Kilichobaki ni hiki: "Ndiyo, ni sawa. Weka, funga vizuri, usifungue kwa siku saba. Nabwile."

Ule mstari wa tano niliufuta mwenyewe. Nilijiambia kwamba kila mtu anajua, na tena onyo limeandikwa kwenye mkebe. Limeandikwa kweli, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Halafu wakala huuza vidonge kimoja kimoja amevifunga kwa kipande cha gazeti, na mkebe unabaki dukani.

Kila asubuhi mfumo ulinitumia orodha ya maswali na majibu ya siku iliyotangulia, mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilitakiwa kuisoma. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naifungua tu na kuifunga, kama mtu anayechungulia sufuria iliyofunikwa na mwenzake. Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, shule zikiwa zimefungwa, Jepkosgei aliniomba nihesabu maswali yamekuwa mangapi. Ndiyo maana nilisoma. Lau hangetaka hesabu hiyo, nisingesoma.

Swali la ishirini na tatu lilitoka kwa Wekoye, wakala wetu wa Myanga. Alikuwa ameliandika Jumatatu saa kumi jioni, na naliweka hapa kama alivyoliandika.

"Madam kuna mteja hapa anataka kuweka vidonge kwa gunia leo. Mahindi ako nayo ndani kwa chumba ya watoto juu ya wezi. Iko sawa ama atoe?"

Chini yake, dakika ile ile: "Ndiyo, ni sawa. Weka, funga vizuri, usifungue kwa siku saba. Nabwile."

Na chini ya hapo, Wekoye: "Sawa madam asante. Nimemwambia."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Usiku mmoja ulikuwa umeshapita. Watoto hao, wawe wangapi, walikuwa wameshalala na magunia yale usiku kucha, mlango na dirisha vimefungwa kwa sababu ya wezi.

Niliogopa. Sisemi ile hofu ya kuitwa ofisini na kuulizwa. Niliogopa hata kuinuka kitini, kwa sababu nilihisi nikiinuka tu jambo litakuwa limetokea kweli. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitano na hulala amekumbatia mto. Nikamwona yeye.

Nilimpigia Wekoye. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga namba ya duka, ikaita bila kupokelewa. Nikaandika ujumbe kwa namba ile ya duka kwamba anipigie sasa hivi, ni hatari. Jibu likaja papo hapo, na moyo ukaniruka kwa furaha kabla sijasoma.

"Asante kwa kuwasiliana na duka letu. Kwa sasa tumefunga. Tutakujibu tukifungua. Karibu tena."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Mwezi wa tisa nilikusanya mawakala thelathini Bungoma, katika ukumbi nyuma ya kanisa, nikawaandikia sentensi hizo ubaoni na kuwaonyesha namna ya kuziweka kwenye simu za maduka yao ili wateja wasiwasumbue. Wekoye alikuwa amenakili mpaka nukta. Nikaandika tena kwa herufi kubwa kwamba ni mimi Nabwile na kuna watoto watakufa. Nikakaribishwa tena.

Nikaandika kwenye grupu kwamba anayejua mteja wa Wekoye aliyenunua vidonge jana aseme. Ili nisikose mtu, niliwatumia pia mmoja mmoja kwenye simu za maduka. Wakati naendelea kutuma, majibu yalikuwa yanaingia. Asante kwa kuwasiliana nasi. Asante kwa kuwasiliana nasi. Tutakujibu tukifungua. Nilihesabu saba, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona. Mwishowe aliyenipigia ni yule wa Bumula, yule wa kidole. Alisema Wekoye amezima simu leo, ameenda Matulo kwa msiba wa mjomba wake, na leo ni kumuse. Mke wake pia yuko huko.

Nikaenda kwa Jepkosgei nikamweleza yote, pamoja na mstari wa tano. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema atatafuta namna ya kuuzima mfumo, kisha akapata namba ya chifu wa kule akampigia mbele yangu. Chifu aliuliza ni nyumba gani. Jepkosgei akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Chifu akasema msimu huu kila mwenye mahindi Myanga analala nayo ndani, na nyumba zenye watoto ni mamia. Angetuma watu wapite, lakini ingewachukua siku nzima. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua nyumba hiyo, na alikuwa ameketi Matulo na simu imezimwa.

Nilipofika uani, Kiplagat alikuwa ameshaiwasha pikapu twende Matulo.

Kiplagat ni mtu wa miaka hamsini na kitu kutoka mlimani, mwenye heshima zake, na hana maneno mengi. Tulipita Kiminini. Mimi nilikuwa nampigia Wekoye kila baada ya dakika moja, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Baadaye Kiplagat akauliza ni vidonge vipi hasa. Nilipomwambia, akasema kwao waliwahi kupoteza mbwa kwa vidonge hivyo. Alikuwa analala kwenye mlango wa ghala.

"Asubuhi tulifikiri amelala tu," alisema. "Hata mkia alikuwa ameukunja vizuri."

Nilimwomba kwa heshima asiniambie zaidi. Nilianza kuomba Mungu, lakini ombi lenyewe lilinishinda kulipanga. Ningeomba nini? Kwamba yule mteja awe mkaidi. Kwamba awe amevipoteza vidonge njiani, au awe mvivu akaahirisha. Nilijikuta namwombea mtu nisiyemjua awe na kila tabia niliyokuwa nawachukia mawakala kwayo, awe mtu asiyesikia akiambiwa.

Tulifika Matulo kabla ya saa tano. Kwa asiyejua, kumuse ni kitu chetu Wabukusu. Mzee wa maana akishazikwa, siku ya tatu huitwa msemaji maalum. Watu hukaa chini pande mbili, na yeye hutembea katikati na fimbo yake, akiwatuliza waliofiwa, akiukumbusha ukoo ulikotoka na kuwaonya wanaoishi. Akiwa anatembea hakuna anayeinuka, hakuna anayezungumza, na hakuna anayekatiza njia yake. Mimi nimelelewa nikiambiwa kwamba anayeikatiza njia hiyo anajiitia kifo. Nina diploma ya kilimo, lakini naliamini hilo.

Kulikuwa na watu kama mia tano, na kimya chake ungesikia nzi. Kiplagat, ambaye si wa kwetu, alianza kuingia moja kwa moja, nikamkamata shati. Nilimwona Wekoye ng'ambo ya pili, katikati ya safu ya wapwa, amevaa koti jeusi. Tulikuwa tumetenganishwa na ile njia, na msemaji alikuwa anakuja upande wetu polepole.

Niliinama, nikamnong'oneza mzee aliyekuwa ukingoni mwa safu kwamba namtaka Wekoye, ni jambo la kufa na kupona. Akaniambia nikae chini, msemaji atamaliza jua likifika kichwani. Nikazunguka nyuma ya watu wote, kupitia kwenye miwa, mpaka upande wa Wekoye, lakini safu yake ilikuwa imebanana na yeye yuko mbele kabisa. Nikamwomba wa nyuma ampelekee neno. Neno likaenda mdomo kwa sikio, nikiona vichwa vikiinama kimoja baada ya kingine, mpaka likamfikia. Akageuka, akaniona, akashangaa. Kisha jibu likarudi kwa njia ile ile, na mama mmoja akaninong'oneza kwamba Wekoye anasema duka amefunga, nimngoje atakuja.

Hapo subira yangu, ile ambayo sina, ikaisha. Nilirudi mbio mpaka mwisho wa safu, nikaingia kwenye njia. Nilitembea katikati ya watu mia tano mpaka mbele ya Wekoye. Msemaji alinyamaza. Sikuthubutu kumtazama, lakini Kiplagat aliniambia baadaye kwamba mzee alisimama tu, akishika fimbo yake, kama mtu anayengoja mbuzi wavuke barabara.

"Nyumba ya yule mteja wa vidonge," nilisema. "Watoto wanalala na sumu."

Wekoye aliinuka. Watu waliguna, na mwanamke mmoja wa ukoo alianza kulia kwa sauti, nadhani kwa ajili yetu. Mpaka leo kuna wazee wa Matulo ambao hawaitikii salamu yangu, na sina la kuwalaumu.

Ndani ya pikapu Wekoye aliketi katikati yetu, akipumua kama aliyekimbia. Mteja alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Levi, alisema, mjane mwenye watoto watatu, nyumba iko mbele kidogo ya soko la Myanga. Hakuwa na namba yake, si kichwani wala kwenye simu. Kisha akanigeukia.

"Lakini madam, si wewe ndio ulisema iko sawa?"

Nilimwambia halikuwa jibu langu. Nilimwambia kuna mfumo, kuna mashine, inaona neno vidonge na neno gunia basi inajibu. Alinisikiliza akikunja uso.

"Mashine gani? Jina ni yako."

Tulipita Webuye, tukashika barabara ya Bungoma. Wekoye alikuwa anaziangalia nyumba za kando ya barabara, na alipoongea tena alikuwa kama anajisemea mwenyewe.

"Mimi nilikuwa nimemwambia atoe. Nilimwambia, mama, hiyo kitu si ya kurara nayo. Akasema atatoa apeleke wapi, na wezi wako. Nikasema basi wacha niulize ofisi kwanza."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mtu huyu alijua. Alikuwa na jibu la kweli mdomoni, akaliacha kwa heshima yangu. Nilifungua dirisha, na Kiplagat akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Tulipofika kwa Mama Levi ilikuwa karibu saa saba. Nyumba ya mabati, mlango umefungwa kwa kufuli, pazia limeshushwa. Hakukuwa na sauti ya mtoto. Chini ya dirisha la upande walikuwa wamelala kuku wawili, wamekufa, na panya mmoja. Wekoye aliita hodi mara moja. Harufu kama ya samaki aliyeoza ilikuwa inatoka kwenye mwanya wa dirisha. Kiplagat alitushika wote wawili mabega akaturudisha nyuma, na mimi nikakaa chini kwenye majani.

Jirani mmoja, msichana aliyebeba debe la maji, alitukuta hivyo. Alisema hakuna mtu ndani. Watoto walipelekwa hospitali Bungoma alfajiri kwa bodaboda mbili. Niliuliza kama walikuwa hai. Akafikiri kabla ya kujibu, na ule muda aliofikiri nitaukumbuka nikizeeka.

"Wakubwa walikuwa wanatembea," alisema. "Yule mdogo alikuwa amelegea."

Wekoye alibaki pale kuzuia watu wasiifungue ile nyumba. Mimi na Kiplagat tukageuza gari.

Hospitali tuliuliza kwenye dirisha la mapokezi, tukaelekezwa wodi ya watoto. Kwenye benchi nje ya mlango alikuwa ameketi mwanamke mwembamba wa umri wangu, leso imemwanguka begani hana habari. Msichana wa miaka kama sita alikuwa amelaza kichwa mapajani mwake. Mvulana wa miaka tisa hivi alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, macho wazi. Walikuwa wanapumua. Nilisimama nikawaangalia wakipumua, mmoja kisha mwingine, mpaka Kiplagat akanigusa mkono.

Nikajitambulisha. Nilisema mimi ni Nabwile, kutoka ofisi ya Kitale. Nilikuwa nimepanga maneno yatakayofuata tangu Myanga, na nilikuwa tayari anipige.

Mwanamke alimweka msichana pembeni taratibu, akainuka, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mungu akubariki, dada yangu. Umeniokolea watoto."

Sikuelewa. Nilimtazama Kiplagat, naye hakuelewa. Mama Levi alitoa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaniwekea mkononi. Namba ya ofisi yetu alikuwa ameitoa kwenye kalenda tuliyogawa dukani kwa Wekoye. Saa sita na nusu usiku, akiwa ameshampigia Wekoye akamkosa, alikuwa ameniandikia.

"Madam Nabwile watoto wote wanatapika tangu niweke vidonge kwa gunia. Niwatoe nje?"

Na chini yake: "Ndiyo, ni sawa. Weka, funga vizuri, usifungue kwa siku saba. Nabwile."

Alisema hakusoma mbele. Alipoona ndiyo tu, aliitupa simu akawabeba. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na shemeji yake alikuwa amemwambia kwa simu kwamba hiyo ni malaria, asiwatoe kwa baridi watapata nimonia. Yeye mwenyewe aliogopa wezi. Lakini mtu wa ofisi, mtu aliyesoma, alikuwa amesema ndiyo, kwa hivyo aliwatoa wote watatu akawalaza kwenye jiko la nje, penye majivu ya joto, na alfajiri akatafuta pikipiki.

Mlango ulifunguliwa na muuguzi akatoka. Alisema Kizito, yule mdogo, amefungua macho na anamlilia mama yake. Moyo wake wataendelea kuuangalia mpaka kesho, lakini hatari imepita. Mama Levi alijifunika uso kwa leso. Kiplagat alivua kofia. Mimi nililia bila aibu, kwa furaha, na niliruhusu furaha hiyo ikae dakika nzima.

Kisha akanishika tena mkono, akaanza kuwaambia watoto wake wanisalimie, huyu ndiye shangazi aliyewaokoa.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua pale, na Kiplagat ni mtu wa siri. Mvulana alikuwa ameshaninyooshea mkono wake mdogo. Niliuona ule mkono, nikashindwa.

"Mama Levi, si mimi niliyekujibu," nilisema. "Ni mashine. Haisomi swali. Ukitaja vidonge na gunia inatoa jibu hilo hilo, kwa kila mtu. Jana ilimwambia Wekoye uweke. Jibu lenyewe niliandika mimi."

Hakuelewa mara moja. Alichukua simu yake, akasoma tena, safari hii mpaka mwisho, midomo ikitembea. Niliona alipofika kwenye weka, na funga vizuri, na siku saba. Akarudi juu akasoma swali lake mwenyewe.

"Kwa hivyo ningeuliza niwaache warare hadi asubuhi," alisema polepole, "ingeniambia nini?"

"Ingekuambia ndiyo, ni sawa."

Aliketi tena kwenye benchi. Akamvuta msichana, akamkalisha mapajani, akaweka kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto. Muuguzi alikuwa bado ameshikilia mlango wazi akimngoja.

"Ndio hiyo nilikuwa nimeandika kwanza," alisema. "Niwaache warare hadi asubuhi. Nikaona ni kama sina huruma, nikafuta."